Ardhi ya Kiunga Chetu: Habari za Chukwani na Kiembe Samaki



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu zimo kurasa za hesabu, kurasa za picha na kurasa za shukrani. Tumeona vema kurasa hizi chache ziwe za historia. Mkulima huuza nazi, muhogo, maziwa na mboga, na Umoja humsaidia kupata bei ya haki. Lakini kabla ya bei yo yote kuna ardhi, na kama ardhi haipo hapana la kupimwa wala la kuuzwa. Kwa hiyo ni wajibu wetu kujua ardhi hii tunayoilima ilishikwaje na wazee, ilipotea vipi, na ni lipi lililofanywa ili kuilinda.

Habari tutakazosimulia ni za kiunga cha kusini ya mji wa Unguja, yaani Chukwani na Kiembe Samaki, pamoja na vijiji vinavyopakana navyo. Mpita njia wa leo akifika Chukwani huliona Baraza la Wawakilishi, hukiona chuo kikuu, huziona nyumba mpya zilizozungushiwa kuta, na juu ya kichwa chake huzisikia ndege zikishuka kiwanjani. Si rahisi kwake kudhani kwamba sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa makonde na malisho, na kwamba ugomvi uliotokana na ardhi na mifugo ya hapa ulimwaga damu ya watu mjini tarehe 30 Julai 1951.

DESTURI YA WAZEE

Wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, ambao serikali za zamani ziliwaandika kwa jina la Wahadimu ingawa wengi wao walijiita Washirazi, walikuwa na sheria yao ya ardhi kabla ya kuja daftari na muhuri. Ardhi ya kukaa na kupanda miti ya kudumu iliitwa kiambo. Kiambo kilikuwa cha ukoo: wote waliotokana na babu mmoja walikuwa na haki ndani yake, wanaume kwa wanawake, na hapana mmoja aliyeweza kumwuzia mgeni sehemu yake bila ya kuwauliza wenziwe. Nje ya viambo ilikuwako nchi ya maweni na vichaka, ambayo wengine huiita uwanda, na nyuma yake msitu. Huko mtu alikata kichaka, akachoma, akalima mtama, mbaazi au muhogo kwa miaka michache, kisha akaliacha konde lipumzike. Alipokuwa akilima, konde ni lake na hapana wa kumgusa. Alipoliacha likarudi kuwa kichaka, lilirudi kuwa la mji mzima.

Mambo haya hayakwenda ovyo. Palikuwa na wazee wa mji, ambao katika miji mingi walijulikana kuwa ni Watu Wanne. Palikuwa na sheha. Na palikuwa na mvyale, aliyepewa amana ya kuijua ardhi na mizimu yake, na aliyeombwa ruhusa kabla ya kichaka kukatwa. Juu ya hao alikuwako Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, aliyejenga jumba lake Dunga. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed akafariki mwaka 1873. Baada ya hapo utawala huo haukusimama tena.

Tena iko kanuni moja ambayo msomaji aishike vizuri, kwa kuwa itatusaidia mbele. Kwa desturi ya Unguja, mti ni mali mbali na ardhi mali mbali. Mtu aweza kuwa na minazi katika ardhi isiyokuwa yake, akaichuma, akairithisha. Desturi hii iliwanufaisha watu kwa kuishi pamoja. Lakini ilikuwa na hatari yake, maana mgeni asiyeijua, akija kukadiria mali ya mkulima, huhesabu minazi na miembe akasema amemaliza. Konde lililolazwa halioni. Njia ya ng'ombe haioni. Kisima cha ukoo na makaburi ya wazee hayajui bei yake.

KARAFUU NA MAJUMBA

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 karafuu ililetwa Unguja, na Sayyid Said bin Sultan alipouhamisha utawala wake kutoka Maskati, kilimo hicho kilikua kwa haraka. Ardhi nzito ya magharibi na ya katikati ya kisiwa ikawa mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, na wenyeji wakabaki kwa wingi upande wa maweni. Hapakupigwa vita kubwa ya kuwaondoa. Nchi ilichukuliwa kidogo kidogo: hapa kwa kununua, hapa kwa kupewa, hapa kwa kuhesabu kichaka kilicholazwa kuwa hakina mwenyewe.

Kiunga chetu kikawa na majumba. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga jumba la kupumzikia pwani ya Chukwani, na mwaka 1879 akatandika reli ya maili saba kutoka jumba lake la mjini mpaka huku. Hapo kwanza magari yake yalikokotwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza injini ya moshi kutoka Uingereza. Alipofariki, reli nayo ikafa. Mbweni, jirani yetu, misheni ya Kiingereza ilinunua shamba mwaka 1871 na kuwakalisha humo watu waliotolewa utumwani. Kwa hiyo kabla ya karne ile kwisha, katika mwendo wa saa moja kwa miguu mtu alipita ardhi ya mfalme, ardhi ya misheni, mashamba ya matajiri na viambo vya wenyeji. Na kila mmoja alikuwa na sheria yake kichwani juu ya nini maana ya kumiliki.

Utumwa ulifutwa kwa amri ya tarehe 6 Aprili 1897. Waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi. Wengi wao, pamoja na wageni waliotoka bara, wakakaa katika mashamba ya watu kwa ruhusa: walipalilia mikarafuu na minazi ya mwenye shamba, nao wakaachiwa kupanda muhogo na viazi chini yake. Serikali iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza ikatoa amri zake, na ile ya mwaka 1921 iliifanya ardhi isiyokaliwa kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya serikali. Kwenye karatasi jambo hilo ni jepesi. Walakini kwa mtu aliyeliacha konde lake miaka mitano lipate nguvu, neno "isiyokaliwa" lilikuwa neno zito, maana ndilo lililomgeuza mwenyeji kuwa mkaaji kwa hisani.

VITA VYA NG'OMBE

Sasa tuje Kiembe Samaki. Wakulima wa hapo walilima na kufuga karibu na mji. Serikali ilipohitaji nchi kwa ajili ya kiwanja cha ndege, ilichukua ardhi yao, na fidia waliyopewa wao waliiona ni ndogo, hailingani na riziki waliyoikosa. Walinung'unika, lakini hawakuwa na chama cha kuwasemea, wala hawakuwa na watu wao katika mabaraza ya kutunga sheria. Baraza la Kutunga Sheria la siku zile halikuwa na hata mjumbe mmoja aliyepigiwa kura na wananchi.

Katika hali hiyo ikaja amri nyingine. Serikali ilitaka ng'ombe wote wachanjwe ili kuzuia ugonjwa wa kimeta, na watiwe katika majosho ya dawa. Tukisoma leo, amri hiyo haina ubaya. Kimeta ni ugonjwa wa kuua, huua ng'ombe na humpata binadamu, na kila mfugaji katika Umoja wetu anajua faida ya chanjo. Basi kwa nini wakulima wa Kiembe Samaki walikataa?

Wako waliojibu kwamba ni ujinga. Sisi hatukubali jibu hilo. Mtu hupokea dawa kwa mkono anaouamini. Mkono uliokuja na sindano ulikuwa ni ule ule uliokuja na kamba ya kupimia, ukachukua konde. Aliyeambiwa jana kwamba ardhi yake inachukuliwa kwa faida ya wote, na asione sehemu yake katika faida hiyo, leo akiambiwa kwamba ng'ombe wake atachanjwa kwa faida ya wote, hana budi kuuliza "wote" ni akina nani. Ng'ombe ndio mali iliyowabakia baada ya ardhi. Waliogopa wafe, na waliona kuwa wakikubali hili halitabaki la kukataa.

Wakulima waliokataa wakashitakiwa. Siku ya tarehe 30 Julai 1951 watu wengi wa Kiembe Samaki na vijiji vya jirani waliingia mjini kufuata kesi ya ndugu zao. Hukumu ilipotolewa, umati ulijaribu kuwaokoa wafungwa mikononi mwa polisi. Polisi wakapiga risasi. Watu wakauawa, wengine wakajeruhiwa, na baadaye wengine wengi wakafungwa. Watu wa Unguja wakalipa tukio hilo jina la Vita vya Ng'ombe, na kwa jina hilo linakumbukwa mpaka leo.

Tukiutazama upande wa faida, wakulima hawakurudishiwa ardhi yao. Kiwanja kikabaki, kikaongezwa, na sasa kinaitwa kwa jina la Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume. Lakini jambo moja lilibadilika. Wakulima wa Kiembe Samaki walitambua kwamba ghadhabu bila ya chama ni moto wa makuti, huwaka kwa kishindo na kuzimika upesi. Wakaunda chama chao cha siasa, wakajiita raia wa Sultani, na mwaka 1955 watu waliosoma wa mjini wakaungana nao, chama kikageuka kuwa Zanzibar Nationalist Party, kilichojulikana kwa jina la Hizbu. Mwaka 1957 kikaundwa Afro-Shirazi. Hatukusudii kufufua hapa mashindano ya vyama vile, maana katika Umoja wetu wamo wajukuu wa pande zote. Tunataja tu ili ijulikane kwamba siasa za Zanzibar hazikuanzia katika vyumba vya mjini peke yake. Chanzo chake kimoja kilikuwa katika malisho ya kiunga hiki.

Na ardhi iliendelea kuwa kiini cha ugomvi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, wako wenye mashamba waliowafukuza wakulima waliokaa kwao kwa ruhusa, kwa sababu ya chama walichokipigia kura. Watu waliopalilia shamba miaka mingi wakajikuta wamebeba mizigo njiani. Hapo ilionekana wazi udhaifu wa kukaa kwa hisani: hisani hufuata moyo wa mwenyewe, na moyo hugeuka.

WENZETU WA MERU

Mwaka ule ule wa 1951, ng'ambo ya bahari, wakulima wa Meru katika Tanganyika nao walipatwa na msiba wa ardhi. Serikali iliamua kwamba nchi ya Engare Nanyuki itolewe kwa walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe, na mwezi wa Novemba wananchi wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa na mifugo yao ikatawanyika.

Wameru hawakupigana. Walichangishana fedha, wakaandika malalamiko yao, wakamtafuta mwanasheria, Bwana Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamchagua kijana wao Kirilo Japhet kuyapeleka maneno yao New York. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo mlango huo ulikuwa wazi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza jinsi watu wake walivyotolewa katika nchi ya baba zao. Katika Mkutano Mkuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika, na ardhi haikurudi siku ile. Lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ilisikia; wengi waliokuja kujiunga na TANU mwaka 1954 na baadaye walikuwa wamejifunza kutoka Meru kwamba mkulima aweza kuishitaki serikali ya kikoloni mbele ya mataifa.

Hatusemi kwamba Wameru walikuwa na akili kuliko watu wa Kiembe Samaki. Zanzibar haikuwa nchi ya udhamini, ilikuwa himaya, na mlango uliofunguka kwa Meru ulikuwa umefungwa kwetu. Walakini tukizilinganisha habari hizi mbili tunaona tofauti yenye faida kwa wanachama. Meru walikuwa na mfuko wa fedha za pamoja, walikuwa na barua zilizoandikwa na kuhifadhiwa, na walikuwa na msemaji mmoja waliyemkubali wote. Hizo ndizo silaha za ushirika, na hazikumhitaji mtu afe mbele ya polisi.

EKA TATU

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza mwezi wa Machi mwaka ule kwamba ardhi yote ni mali ya umma. Mashamba makubwa yakatwaliwa, na tangu 1965 hata 1974 familia zaidi ya 20,000 zikagawiwa eka tatu tatu. Wako waliopoteza siku hizo, na wako waliopata kwa mara ya kwanza katika nasaba yao kipande cha kulima pasipo kumpigia mtu magoti. Historia ya haki haina budi kuwataja wote wawili.

Eka tatu zilitolewa kwa sharti la kulimwa na kutouzwa. Lakini watu huzaa, na ardhi haizai. Hesabu ya watu wa Unguja na Pemba mwaka 1948 ilikuwa 264,162. Mwaka 2022 ilikuwa 1,889,773. Mji umetoka mahali pake ukapita Ng'ambo, ukafika Kiembe Samaki, ukaifikia Chukwani. Eka tatu ya babu ikagawanywa kwa watoto, na sehemu za watoto zikakatwa viwanja. Mara nyingi mwenye kuuza hakufukuzwa na askari wala na tajiri. Aliuza kwa hiari, kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya maradhi, au kwa kuona jirani ameuza. Jambo hili ni gumu zaidi kuliko lile la 1951, kwa sababu hapana wa kumnyoshea kidole.

Kwa sheria ya mwaka 1992 ya umiliki wa ardhi, ardhi ya Zanzibar ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Mahkama ya Ardhi iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kazi za ardhi sasa zina kamisheni yake. Kwa hiyo mkulima wa leo anayo milango ambayo watu wa Kiembe Samaki hawakuwa nayo. Lakini mlango haumfai asiyebisha, na mbele ya mahkama kilio bila ya karatasi ni upepo.

WAJIBU WETU

Kutokana na habari hizi tunaona mambo matatu yanayoupasa Umoja wetu katika miaka kumi ijayo.

La kwanza ni kuandika. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanachama aijue mipaka ya shamba lake, aitembee pamoja na majirani na sheha, na aiandikishe panapohusika. Isiandikwe minazi peke yake. Liandikwe na konde linalopumzika, na kisima, na njia ya mifugo, maana kisichoandikwa ndicho kisichofidiwa. Na yaandikwe majina ya wanawake pia. Katika kiambo cha wazee mwanamke alikuwa na haki yake, basi isipotee katika daftari.

La pili ni kuulizana. Desturi ya kiambo ilimzuia mtu kuuza kabla ya kuwauliza ndugu zake. Haikuwa kumnyima uhuru. Ilikuwa kumpa nafasi ndugu anunue, au kumtatulia shida iliyomfanya atake kuuza. Kazi hiyo leo yaweza kufanywa na ushirika. Mwanachama aliyebanwa na maradhi au ada ya skuli, akipata mkopo wa haki kwa wenziwe, hana sababu ya kukata ardhi yake kwa bei ya haraka.

La tatu linawahusu waheshimiwa viongozi, nasi twalisema kwa adabu. Maendeleo yana haja ya ardhi. Hapana nchi isiyojenga kiwanja cha ndege, barabara wala chuo. Lakini mkulima asikie habari za shamba lake kabla ya kuja kwa mpimaji, aelezwe kwa lugha anayoifahamu, alipwe kwa thamani ya riziki yake na si ya miti yake tu, na alipwe kabla hajaondoka. Serikali ya 1951 iliona shida kueleza na rahisi kuamrisha. Dawa yake ilikuwa njema, ikakataliwa, kwa sababu imani ilikuwa imekwisha kutolewa pamoja na ardhi. Hasara hiyo haikuwa ya wakulima peke yao.

Waliokufa tarehe 30 Julai 1951 walikuwa wakulima na wafugaji kama sisi. Tunawaombea rehema kwa Mwenyezi Mungu, na tunawaomba wanachama wawasimulie watoto wao habari zao, hasa wale watoto wanaokulia Chukwani mpya ya kuta na lami. Waijue nchi waliyoikanyaga wazee wao, na waijue sababu ya Umoja huu kuwapo.

Ardhi iliyobaki katika kiunga chetu si nyingi. Inatosha kama italindwa. Mungu aubariki Umoja wetu, na azibariki kazi za mikono ya wakulima wake.